Swali Katikati ya Mhadhara: Kushirikisha Ukumbi wa Wanafunzi 300

Ushauri mwingi kuhusu ufundishaji shirikishi umeandikiwa vyumba vya watu 25 na meza za kusogezwa. Mhadhiri wa Nairobi anayefundisha kozi ya pamoja ya mwaka wa kwanza hana chumba hicho. Ana ukumbi wa ngazi wenye viti vilivyokazwa sakafuni, kipaza sauti kimoja, projekta inayowaka ikipenda, na wanafunzi 300 ambao baadhi yao bado wako kwenye matatu Thika Road. Mwongozo huu ni wake.

Tunashikilia mbinu moja tu, kwa sababu anayeanza muhula na mbinu sita mpya huwa ameziacha zote kufikia wiki ya nne. Mbinu yenyewe ni swali la dhana: unasimamisha mhadhara, unauliza swali lenye majibu manne, kila mwanafunzi anapiga kura peke yake, anajadiliana na jirani, anapiga kura tena, kisha unafafanua. Mwanafizikia Eric Mazur alianza kuitumia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu za mekanika bila shida lakini walikwama kwenye maswali mepesi ya maneno kuhusu nguvu na mwendo. Walikuwa wamekariri njia bila kuelewa. Aliyewahi kusahihisha rundo la mitihani ya mwisho wa muhula anaujua ugonjwa huo.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, walioanguka walikuwa takriban asilimia 34. Katika madarasa yaliyowashughulisha wanafunzi, takriban asilimia 22. Tafiti hizo hazikufikiria kumbi za Juja wala Kahawa, lakini mbinu haidai kifaa ambacho hakipatikani huko.

Kwanza punguza unachosema

Kipindi cha saa mbili si dakika 120. Toa dakika za darasa lililotangulia kutoka na lako kuingia, toa matangazo ya mwakilishi wa darasa, unabaki na 100 hivi. Mzunguko mmoja wa swali unakula dakika 8 hadi 10. Weka mizunguko mitatu, usizidishe. Hiyo ni nusu saa, na nusu saa hiyo lazima itoke mahali. Wahadhiri wengi hushindwa hapa: wanaongeza maswali bila kupunguza slaidi, wanajikuta wakikimbiza slaidi 20 za mwisho kwa dakika 10, kisha wanalaumu maswali kwamba hayaachi silabasi iishe.

Ondoa fasili, orodha, historia ya nadharia, na kila kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma peke yake akakielewa. Mpe hayo kama kurasa 4 hadi 6 za kusoma kabla ya kipindi. Si sura nzima ya kurasa 40, kwa kuwa hataisoma na wewe unajua. Bakisha mambo mawili au matatu ambayo kila mwaka wanafunzi huyakosea mtihanini. Hayo ndiyo yanayostahili sauti yako na muda wa watu 300 waliokaa pamoja.

Kuandika swali

Ukiwa na saa tatu tu za maandalizi kwa wiki, tumia mbili hapa. Swali baya haliokolewi na mjadala mzuri.

Majibu ya makosa ndiyo roho ya swali, na hayabuniwi mezani. Chukua karatasi 30 za mtihani au CAT (jaribio la ndani ya muhula) ya mwaka uliopita, usome jibu la swali moja tu katika zote, na kila kosa uliandike kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Kufikia karatasi ya 20 utaona makosa yaleyale matatu au manne yanarudi. Hayo ndiyo majibu yako ya makosa. Jibu la kosa ambalo hakuna anayelichagua ni nafasi iliyopotea. «Yote yaliyotajwa» na «hakuna jibu sahihi» yaache kabisa, kwani yanampa mtu njia ya kukwepa kufikiri.

Mfano kutoka uchumi wa mwaka wa kwanza:

*Mvua imeharibu mavuno ya mahindi na bei ya pakiti ya unga imepanda kutoka shilingi 150 hadi 180. Familia zinanunua pakiti chache kuliko mwezi uliopita. Nini kimetokea kwenye mchoro wetu?*
*A. Mstari wa mahitaji umesogea kushoto.*
*B. Mstari wa mahitaji uko palepale. Wanunuzi wamepanda juu kwenye mstari huohuo.*
*C. Mstari wa mahitaji umesogea kulia kwa sababu bei imepanda.*
*D. Mistari yote miwili, wa mahitaji na wa ugavi, imesogea kushoto.*

Jibu ni B. Kilichosogea ni mstari wa ugavi. Lakini A itapata kura nyingi, kwa kuwa mwanafunzi anasikia «wananunua kidogo» na anahitimisha kwamba «mahitaji yamepungua». Mtu anaweza kukariri fasili ya mahitaji neno kwa neno na bado achague A. Ndiyo maana swali linafaa: haliwezi kujibiwa kwa kumbukumbu peke yake, na halihitaji kikokotoo.

Mfano wa takwimu, ulioegemea swali maarufu la Amos Tversky na Daniel Kahneman: hospitali kubwa ya uzazi kama Pumwani na kliniki ndogo ya mtaani kila moja inahesabu, kwa mwaka mmoja, siku ambazo zaidi ya asilimia 60 ya watoto waliozaliwa walikuwa wa kiume. Ipi itakuwa na siku nyingi za namna hiyo? Wengi hujibu kwamba zitalingana. Sahihi ni kliniki ndogo, kwa sababu sampuli ndogo huyumba zaidi. Ukimwuliza mwanafunzi fasili ya kosa sanifu (kipimo cha jinsi wastani wa sampuli unavyoyumba) atakutajia. Ukimwuliza hili ataduwaa. Hapo ndipo somo linapoanza.

Swali lisizidi maneno 50 hivi bila majibu, na herufi za slaidi zisipungue ukubwa wa 28, la sivyo safu za nyuma zitapiga kura kwa kuchungulia. Lisome kwa sauti mara mbili. Liwe pia kwenye karatasi mfukoni mwako ili stima ikipotea uliandike ubaoni. Kwa sababu hiyohiyo, usitegemee michoro ya rangi isiyochorika kwa chaki.

Kura bila simu

Programu za kura za simuni zinapendeza, lakini matoleo yao ya bure huwa na kikomo cha washiriki, mtandao wa ukumbini hulegea watu 300 wakiingia kwa pamoja, na kila muhula utakuwa na wanafunzi ambao bando limekwisha au mkopo wa HELB haujaingia. Mwanafunzi asiyeweza kupiga kura kwa sababu ya pesa amefungiwa nje ya somo, hata kama amekaa ndani.

Karatasi inatosha. Kila mmoja aje na A4 moja, aikunje mara mbili ipate robo nne, na kwenye upande uleule aandike A, B, C na D, herufi moja kila robo, kwa kalamu nene ya maka. Ya bluu ya kawaida haionekani kutoka mbele. Kupiga kura ni kuikunja upya herufi aliyochagua ikae mbele, na kuishika kifuani. Iwe kifuani, kwa sababu ukiruhusu juu ya kichwa aliye nyuma ataona na kuiga. Aliyesahau karatasi atumie vidole, kimoja kwa A hadi vinne kwa D, kifuani vilevile.

Usijaribu kuhesabu watu wote. Chagua sehemu tatu, mbele kushoto, katikati, na nyuma kulia, na katika kila sehemu hesabu walio na jibu sahihi kati ya watu 20. Ukipata 27 kati ya 60, uko kwenye asilimia 45. Usahihi huo unatosha kabisa. Ukitazama safu za mbele peke yake utajidanganya, maana huko ndiko wanakokaa waliokwisha kusoma.

Mzunguko wenyewe

1. Soma swali na unyamaze. Dakika 1 hadi 2 za kufikiri bila kuongea. Utahisi kimya kimekuwa kirefu kupita kiasi, nawe utataka kukijaza kwa kidokezo. Jizuie. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, alikuta walimu hungoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla ya kusema tena, na kwamba kungoja sekunde 3 kulirefusha na kuboresha majibu. Tazama saa, si nyuso.
2. Kura ya kwanza, wote kwa pamoja ukihesabu hadi tatu. Usiseme matokeo wala usionyeshe usoni. Ukisema «mmm, wengi wamechagua A» mjadala umekufa kabla ya kuanza.
3. Amua kwa asilimia (tazama chini).
4. Mjadala wa dakika 2 hadi 3. Safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zigeuke nyuma, ili wawili wa mbele na wawili wa nyuma wawe kundi la wanne. Agizo liwe moja na liwe wazi: «Tafuta aliyechagua tofauti na wewe, umshawishi.» Ukisema tu «jadilianeni», watajadili mechi.
5. Panda ngazi, zunguka, sikiliza makundi mawili au matatu. Huendi kusahihisha. Unakusanya maneno utakayoyatumia kwenye ufafanuzi.
6. Kura ya pili.
7. Ufafanuzi wa dakika 2 hadi 3, ukianza na jibu la kosa lililopendwa zaidi.

Kura ya kwanza ikiwa kati ya asilimia 30 na 70 za jibu sahihi, endelea na mjadala. Hapo kuna watu wa kutosha wenye hoja nzuri na watu wa kutosha wa kushawishiwa. Ikizidi 70, ruka mjadala, eleza kwa sekunde 30 na usonge mbele. Ukiwalazimisha kujadili kitu wanachokijua utawachosha, na kesho hawatakuchukulia kwa uzito. Ikiwa chini ya 30, usithubutu kuwaacha wajadiliane, kwani kosa ndilo lenye wahubiri wengi na kura ya pili itakuja mbaya zaidi. Rudi nyuma, fundisha dhana upya kwa mfano mwingine, kisha piga kura tena.

Kura ya peke yake haiachwi, hata muda ukibana. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunga kwa jibu ana kitu cha kutetea. Asiyejifunga humsubiri mjuaji wa kundi azungumze, kisha anatikisa kichwa. Hilo ndilo linalozitofautisha kura mbili na «mna swali lolote?», ambalo jibu lake tunalijua: kimya, na mtu mmoja wa safu ya kwanza.

Ukitaka maelezo kutoka kwa wanafunzi, usimwite mtu mmoja kwa jina mbele ya watu 300 umwulize jibu lake. Liulize kundi: «Nyinyi wanne pale kwenye nguzo, mlikuwa mnabishania nini?» Swali jingine linalofanya kazi vizuri ni: «Mtu mwenye akili zake timamu angechagua A kwa sababu gani?» Linamruhusu aliyechagua A aeleze mawazo yake bila kukiri kwamba ni yake.

Lugha ya majadiliano

Hili halimo katika miongozo ya Harvard, na Nairobi lina uzito. Kozi inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lakini dakika 3 za mjadala ziache ziende kwa lugha wanayofikiria: Kiswahili, Sheng, mchanganyiko. Mwanafunzi anayemwambia mwenzake «aah, bei ndiyo imewasukuma juu, line yenyewe haijasonga» ameelewa. Yule anayetafuta sentensi safi ya Kiingereza anatumia nguvu zake kwenye sarufi, na mara nyingi anaamua kunyamaza.

Hatua ya kuripoti ndiyo ya kurudi Kiingereza, pamoja na istilahi za kozi, kwa sababu ndizo atakazoziandika mtihanini. Sema hivyo waziwazi katika wiki ya kwanza, la sivyo watadhani unawatega. Tahadhari moja: kundi la wanne likiwa na watatu wa lugha moja ya mama, wa nne anaweza kubaki mtazamaji. Kwa hiyo tangaza kwamba lugha ya kundi ni ile ambayo wote wanne wanaielewa.

Wiki ya kwanza, na malalamiko

Wanafunzi watalalamika. Watasema «huyu hafundishi, anatuuliza sisi». Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha mihadhara iliyotolewa kwa ufasaha na vipindi vya kushughulisha: wanafunzi wa vipindi vya kushughulisha walijifunza zaidi, kwa kipimo cha jaribio, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Jasho la kufikiri linaonekana kama kutoelewa. Waeleze hilo siku ya kwanza, kwa dakika 10, na takwimu zake, kisha ulirudie kidogo baada ya CAT ya kwanza. Asiyeeleza hukutana na malalamiko hayo kwenye fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula, wakati hakuna la kufanya.

Kura zisipewe alama za usahihi. Zikipewa, kila mtu ataangalia kifua cha mwenye akili. Ukitaka kuzawadia, zawadia kushiriki, na isizidi alama 2 au 3 kati ya 100.

Kuhusu wanaochelewa: kugombana nao hakupunguzi foleni. Kipindi cha saa moja au saa mbili asubuhi kianze na kitu chenye faida kwa aliyewahi na kisichomzuia aliyechelewa kufuata. Maswali matatu ya wiki iliyopita, yaliyoandikwa ubaoni, yanayojibiwa daftarini bila kufungua maandishi, kwa dakika 5, yanafaa hasa. Dhana mpya ingoje dakika ya 15. Maswali hayo pia yana kazi yake: katika jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006, waliosoma kifungu mara moja kisha wakajijaribu mara tatu walikumbuka asilimia 61 baada ya wiki moja, waliokisoma mara nne walikumbuka asilimia 40. Baada ya dakika 5 tu, waliosoma mara nne ndio waliokuwa mbele. Ndiyo sababu mwanafunzi anayesoma notisi usiku wa kuamkia CAT huapa kwamba njia yake inafanya kazi.

Karatasi ya kutokea

Dakika 3 za mwisho, kila mmoja aandike kwenye robo ya A4: «Jambo gani bado linanitatiza?» Bila jina. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa robo 2,000, yaani zaidi ya vipindi 6 vya watu 300. Usisome zote; hapo ndipo wengi huchoka na kuacha. Zichanganye, chomoa 40, zigawe katika marundo matatu kwa mada. Kazi ya dakika 20. Kipindi kijacho kianze kwa kujibu rundo kubwa. Ukikosa kujibu mara mbili mfululizo, utaanza kupokea karatasi zenye neno «hakuna».

CAT na mtihani lazima vifuate

Katika vyuo vingi vya Kenya kazi za muhula zina asilimia 30 na mtihani wa mwisho 70. Kama mtihani huo bado unasema «taja sifa tano za», wanafunzi wataona haraka kwamba maswali ya ukumbini ni mchezo, na watarudi kwenye kukariri, na wengine kwenye mwakenya (vikaratasi vya kuibia mtihani). John Biggs aliliandika jambo hili kwa kina mwaka 1996: malengo, shughuli za darasani na upimaji vikivutana, upimaji hushinda. Anza kwa kiasi. Theluthi moja ya alama za CAT ya kwanza itoke kwenye maswali yenye umbo la ukumbini, yenye hali mpya, pamoja na mstari wa «eleza kwa nini jibu C si sahihi».

CAT ya hatua mbili inafaa sana kwa kumbi zetu. Dakika 40 kila mtu anafanya peke yake na karatasi inakusanywa. Kisha dakika 20 makundi ya wanne yanafanya maswali yaleyale, karatasi moja kwa kundi. Alama ya mtu binafsi ihesabiwe kwa asilimia 80, ya kundi kwa 20, na kama ya kundi ni ndogo kuliko ya mtu, abaki na yake. Mabishano ya dakika hizo 20 yanafundisha kuliko marekebisho utakayoandika kwa wino mwekundu. Panga makundi wewe, kwa orodha ya usajili. Ukiacha wajichague, wenye nguvu watajikusanya.

Marejesho: karatasi 300 kwa dakika 4 kila moja ni saa 20. Orodhesha makosa 8 ya kawaida, yape nambari 1 hadi 8, na pembeni mwa jibu andika nambari tu. Karatasi moja ya maelezo ya nambari hizo iende kwa darasa lote. Muda unashuka karibu nusu, na mwanafunzi anapata maelezo kamili kuliko «eleza zaidi». Rudisha ndani ya siku 10. CAT inayorudishwa wiki ya mtihani haina kazi tena. Na alama zipite kwenye tovuti ya chuo ambako kila mmoja anaona zake. Orodha yenye majina na nambari za usajili kutupwa kwenye kundi la WhatsApp ni desturi ya kuacha, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kazi za kikundi za kuandikia nyumbani zimebadilika tangu ChatGPT itoke Novemba 2022. Ukiendelea kuzitoa, weka utetezi wa mdomo. Makundi 75 kwa dakika 5 ni zaidi ya saa 6, hutaweza. Tangaza mapema kwamba makundi 15 yatachaguliwa kwa kura siku ya kukabidhi, na kwamba atakayejibu ni mwanakikundi yeyote utakayemnyooshea kidole. Dakika 75 zinatosha, na makundi mengine 60 yatakuwa yamejiandaa pia.

Madarasa ya jioni

Wanaosoma saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku katikati ya jiji wametoka kazini, wengi hawajala. Wana faida moja ambayo wa mchana hawana: mifano. Mhasibu, muuguzi na karani wa benki waliokaa pamoja watakupa mjadala ambao slaidi haitaufikia. Weka mizunguko minne, mapumziko ya dakika 10 baada ya wa pili, na usiweke dhana mpya baada ya saa mbili kasoro robo. Muda huo watu wanafikiria stendi. Vya kusoma kabla ya kipindi viwe vyepesi kwa bando: PDF isiyozidi MB 2, au sauti ya dakika 10, ambayo kwa kilobiti 32 kwa sekunde ina MB 2.4 hivi na inasikilizika ndani ya matatu. Video ya urefu huohuo huwa nzito mara nyingi zaidi.

Kujipima

Katika wiki ya tano, usingoje fomu ya chuo. Uliza maswali matatu kwenye robo ya karatasi: kitu gani kinakusaidia kujifunza, kipi kinakuzuia, ungebadilisha nini. Badilisha kimoja na uwaambie umekibadilisha.

Mwombe mwenzako wa idara aketi nyuma kipindi kimoja, na kila baada ya dakika 2 aandike jambo moja tu: wanafunzi wanafanya nini sasa hivi. Wanasikiliza, wanaandika, wanajadili, wanangoja. Asitoe maoni kuhusu sauti wala mavazi yako. Safu ya «wanasikiliza» ikizidi alama 10 mfululizo, umeongea dakika 20 bila kuwapa kazi, na huenda hukujua.

Kila swali lihifadhiwe kwenye daftari au jedwali la kompyuta pamoja na tarehe, kundi, asilimia ya kura ya kwanza na ya pili. Lililoanza zaidi ya 80 mara mbili litolewe. Lililopanda kutoka 45 hadi 75 litunzwe. Ambalo kura ya pili ilishuka liandikwe upya, kwa kuanzia na maneno ya swali lenyewe, kwa sababu mara nyingi sentensi ndiyo iliyowapoteza. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi linatarajiwa kufika vyuoni mwaka 2029. Maswali 10 mazuri kwa muhula, ukianza sasa, yatakuwa yametosha kozi nzima kabla ya hapo.